Jinsi ya Kuchagua, Kuhifadhi na Kutumia Ubuyu katika Hewa ya Mombasa

Buyu ni mojawapo ya matunda machache ambayo hukauka yakiwa bado juu ya mti. Embe na pera huiva kwa kulainika na kujaa maji, lakini buyu likishakomaa hupoteza maji yake ndani ya ganda lililofungika, na mtu akilivunja hukuta nyama nyeupe iliyokwisha kuwa kavu, tayari kutwangwa bila kuanikwa juani. Jambo hilo ndilo linaloufanya ubuyu uwe rahisi kutunzwa, na ndilo pia linalosahauliwa na wengi wetu wa mjini, ambao huununua ukiwa mzuri kisha wakauharibu kwa unyevu, ama kwa kuuacha wazi jikoni, ama kwa kuutia maji kabla ya wakati wake. Mombasa ni kisiwa, hewa yake ina unyevunyevu mwaka mzima, na wakati wa masika hata chumvi ndani ya kopo hushikana. Kwa hiyo maelekezo yanayofuata, yawe ya kuchagua, ya kuhifadhi au ya kupika, yote yanarejea kwenye swali moja: ubuyu ukutane na maji lini, na lini usikutane nayo.

Mti na uchumaji wake

Mbuyu wa pwani yetu ndio ambao wataalamu wa mimea huuita Adansonia digitata, jina lililotokana na Michel Adanson, Mfaransa aliyeuchunguza huko Senegal katika karne ya 18. Mkazi wa Mombasa hahitaji kwenda mbali kuuona. Mibuyu ipo Mama Ngina, ikitazamana na mlango wa bahari wa Likoni. Ipo kati ya kuta za magofu ya Jumba la Mtwana, Mtwapa. Na ukishika barabara ya Kilifi au ya Kwale utaiona imesimama katikati ya mashamba ya mahindi na mihogo, kwa sababu mwenye shamba alifyeka vichaka akauacha mbuyu. Wakati wa kiangazi hupukutisha majani yote na kubaki matawi matupu kwa miezi. Maua yake ni makubwa, meupe, yananing'inia kwa vikonyo virefu, hufunguka jioni na kuanguka baada ya muda mfupi, na popo ndio wanaoyatembelea usiku na kuhamisha chavua. Kutoka ua hadi tunda kukomaa hupita takriban miezi 5 au 6.

Mibuyu haifanani kwa ladha. Upo unaozaa mabuyu matamu yenye uchachu wa mbali, na hatua chache kutoka hapo upo mwingine ambao ubuyu wake ni mkali kiasi cha kumkunja mtu uso. Ipo pia inayochanua vizuri na isizae ila matunda machache. Ndiyo maana wanaokaa karibu na miti hiyo huijua mmoja mmoja na hawachumi kiholela. Ukipata nafasi ya kuchuma au kununua shambani, uliza kwanza ni mti gani unaopendelewa kwa kula na ni upi unaopendelewa kwa kupikia, kwa maana ule mkali, ambao hautafuniki, huwa mzuri sana kwenye mchuzi.

Uchumaji wenyewe una hatari zake. Shina la mbuyu ni nene na laini, halikumbatiki, na wapandaji huupanda kwa vigingi vilivyopigiliwa kwenye gome, kazi ambayo haifai kujaribiwa na asiyeizoea. Tumia upembo mrefu ukiwa chini, au okota yaliyoanguka. Kabla ya kuinua upembo, tazama mapango na nyufa za shina na usikilize, kwani nyuki hupenda sana kukaa humo. Na mti ulio katika shamba la mtu ni wa mtu, hata kama hakuna aliyeupanda, mwenyewe aombwe. Mibuyu mingine utaikuta imefungwa vitambaa au imewekewa marashi na ubani katika pango lake. Hiyo iache, ukachume kwingine. Hata asiyeamini habari za majini hana sababu ya kugombana na mwenzake kwa ajili ya mabuyu kumi.

Kulijua buyu zuri

Buyu lililokomaa huwa na ganda gumu kama ubao, na rangi yake imetoka kwenye kijani kibichi na kuelekea kahawia au kijani kilichopauka. Liinue: likiwa zito kupita ukubwa wake, bado lina maji. Ligonge kwa kifundo cha kidole: sauti yake iwe ya kitu chenye uwazi ndani. Ukilitikisa, mara nyingi utasikia vipande vikigongana, kwa sababu nyama imesinyaa na kuachana na ganda. Kisha ligeuze lote ulitazame. Ufa mdogo, hata wa upana wa uzi, unatosha kupitisha maji ya mvua, na tundu dogo la mviringo ni dalili kwamba mdudu ametangulia. Lililookotwa chini ya mti baada ya mvua lichukuliwe kwa tahadhari zaidi kuliko lililoangushwa kwa upembo, kwa sababu huenda limelala kwenye udongo wenye maji kwa siku kadhaa.

Wengi wetu, hata hivyo, hatununui buyu zima. Sokoni Kongowea na Marikiti ubuyu huuzwa ukiwa umekwisha kutolewa kwenye ganda, mbegu pamoja na nyama yake, na hapo macho na vidole ndivyo vipimo. Chukua mbegu mbili tatu uzibonyeze. Nyama iwe nyeupe au ya rangi ya maziwa, na ikatike kama chaki ikiacha unga kwenye vidole. Ikibonyea bila kukatika, au ikinata, imekwisha kushika unyevu. Ikiwa imegeuka kahawia, aidha ni ya zamani, aidha iliwahi kulowa ikakaushwa tena. Iko mibuyu michache ambayo ubuyu wake una wekundu wa mbali tangu mtini, na huo si ubovu. Lakini weusi wa madoadoa, au harufu ya gunia lililolala chini, usiusamehe. Kumbuka pia kwamba ubuyu wenye unyevu una uzani zaidi, kwa hiyo anayenunua kwa kilo bila kubonyeza huenda akalipia maji.

Usione haya kuuliza. Neno fupi kama "Mama, huu umetoka wapi, na uliingia lini?" humwambia muuzaji kwamba unajua unachotafuta, na mara nyingi atafungua gunia jingine lililoko nyuma.

Unga wa ubuyu uliosagwa tayari na kufungwa katika mikebe ya kupendeza umekuwa mwingi madukani, hasa tangu Umoja wa Ulaya ulipouruhusu kuingia katika soko lake la vyakula mwaka 2008. Si mbaya, lakini bei yake ni ya juu, na mnunuzi haoni ulitoka katika buyu la namna gani. Kwa maoni yangu, anayeishi Mombasa, ambako mbegu zenyewe hupatikana sokoni, hana haja ya kuununua.

Kulivunja na kuutoa unga

Ganda limefunikwa na vinyweleo vifupi ambavyo kwa macho ni vizuri, lakini huwasha ngozi, na vikiingia kwenye ubuyu huwasha koo. Kwa hiyo kabla ya kulivunja buyu, toka nje, upe upepo mgongo, ulisugue lote kwa kipande cha gunia kikavu mpaka ganda libaki wazi. Watu huwa na haraka ya kuliosha kwa maji. Usilioshe, kwani maji yatapita kwenye ufa wa kwanza utakaoupiga.

Kama huna haja na ganda, lipige kiunoni kwa mgongo wa panga au kwa jiwe, ukilizungusha kidogo baada ya kila pigo, hadi lipasuke kwa mzunguko. Kama unalitaka ganda kwa bakuli au kata ya kuchotea, likate kwa msumeno mdogo na uwe na subira. Ndani utakuta vipande vyeupe vilivyofumbata mbegu za rangi ya kahawia iliyokoza, na nyuzi nyekundu zilizopita katikati na kuvishikilia. Nyuzi hizo zivute zote uziweke kando. Zina ubuyu mwingi ulionasa, nazo zikirowekwa kwenye maji hutoa sharubati nyepesi yenye rangi nzuri.

Baada ya hapo una njia mbili. Kwa sharubati na kwa mabuyu ya rangi, mbegu na nyama yake huachwa zilivyo. Kwa unga, zitie kidogo kidogo kwenye kinu kikavu na uzitwange kwa mchi mwepesi, ukiuzungusha mchi zaidi ya kuupigisha, kwa sababu lengo ni kuibandua nyama juu ya mbegu na wala si kuipasua mbegu. Mbegu ikipasuka, unga huwa na chenga nyeusi na ladha ya uchungu. Mashine ya kusagia ya umeme hufanya kazi hiyo pia, ikiwashwa na kuzimwa kwa vipindi vifupi mno. Kisha chekecha kwa chekecheke la nyuzi za karibu. Siku ya upepo wa kaskazi, mnamo Januari au Februari, kazi hii ni ya raha, unga hupita wenyewe na kupeperuka hadi kwenye nyusi. Siku ya mvua ya Mei, unga uleule hushikana kwenye matundu na kuliziba chekecheke kabla hujamaliza kikombe cha pili. Anayetaka unga wa kutumia mwaka mzima na autoe wakati wa kaskazi.

Kuuhifadhi

Chupa ya kioo yenye kifuniko cha kukaza ndiyo bora, na chupa ndogo nne ni bora kuliko kubwa moja, kwa sababu kila ufunguapo unaingiza hewa ya Mombasa ndani. Jaza hadi juu ili nafasi ya hewa iwe ndogo. Tumia kijiko kikavu, na usisimame na chupa iliyo wazi juu ya sufuria inayotoa mvuke. Huo ndio mchezo unaoharibu ubuyu katika nyumba nyingi, mtu anakoleza uji huku chupa ikiwa imepakatwa juu ya moshi wake. Iweke kabatini penye giza. Ukiweka kwenye friji, ukiitoa usiifungue papo hapo. Iache mezani mpaka ubaridi uishe, la sivyo umande utajikusanya ndani ya chupa juu ya unga.

Unga ulioshikana mabonge lakini bado ni mweupe na unanukia uchachu wake wa kawaida haujaharibika. Utandaze kwenye sinia kivulini penye upepo mkavu, uuvunjevunje, na uutumie mapema katika kupikia. Jua kali halifai, kwani hufifisha rangi na vitamini. Ulioota ukungu, hata kama ni pembeni tu, utupwe wote.

Kuhusu vitamini, sifa za ubuyu ni za kweli ingawa zimetiwa chumvi. Vipimo vingi vimekuta kati ya miligramu 150 na 500 za vitamini C katika gramu 100 za unga, kiasi ambacho hutofautiana sana kati ya mti na mti, ilhali chungwa lina takriban 50 kwa uzani huohuo. Lakini hakuna mtu anayekula gramu 100 za ubuyu kwa mkao mmoja, na vitamini hiyo hupungua kwa moto na kwa kukaa. Madini ya chokaa, yaani kalisi, na nyuzinyuzi zake hazisumbuliwi sana na moto.

Sharubati

Hapa ndipo maji yanaporuhusiwa, na yanaporuhusiwa yawe ya kutosha. Kwa kikombe kimoja cha mbegu zenye nyama, tia vikombe vinne vya maji safi ya uvuguvugu, si ya moto, na uache nusu saa au zaidi. Kisha ingiza mkono uliooshwa vizuri uzisugue mbegu kati ya vidole mpaka zibaki tupu na maji yawe mazito. Chuja, rudisha mbegu kwenye bakuli, tia kikombe kingine cha maji, sugua tena na uchuje juu ya yale ya kwanza. Kuna ladha nyingi katika maji hayo ya pili. Sukari itiwe mwisho, kwa kuonja, pamoja na hiliki iliyopondwa na chembe ya chumvi.

Wanaopenda iwe laini huongeza tui zito la nazi, nusu kikombe kwa kiasi hicho. Maziwa ya ng'ombe yana tabia nyingine: uchachu wa ubuyu huyakata, yakagawanyika maji na mabonge. Ukitaka rangi ya maziwa bila mashaka tumia mtindi, ambao umekwisha kuganda na hauna la kupoteza. Kwa futari ya Ramadhani, sharubati iandaliwe alasiri na kuwekwa kwenye friji. Isikae zaidi ya siku mbili, kwa kuwa huanza kuchacha na kutoa mapovu, na chupa iliyofungwa sana huweza kuruka kifuniko.

Mabuyu ya rangi

Mgeni akitoka Mombasa huagizwa mabuyu na kashata, na mtoto aliyerudi kutoka dukani hujulikana alichokula kwa ulimi wake. Kuyatengeneza nyumbani si kazi ngumu, ila inamshinda anayefanya haraka, na sababu ya kushindwa karibu kila mara ni moja: mbegu zimetiwa kwenye shira ambayo bado ina maji mengi. Nyama ya ubuyu huyeyuka kwenye maji, ndiyo maana sharubati inawezekana. Sasa ukiitia kwenye shira nyepesi, nyama huachana na mbegu, sufuria hujaa uji mwekundu, na mbegu hubaki na upara. Shira inatakiwa kupoteza maji yake kwanza, ndipo ikutane na ubuyu.

Pima vikombe vinne vya mbegu zenye nyama, zilizo kavu na zilizotenganishwa moja moja. Kwenye sufuria pana yenye kitako kizito weka vikombe viwili vya sukari, kikombe kimoja cha maji, nusu kijiko cha chai cha rangi nyekundu ya chakula, kijiko kimoja cha chai cha hiliki ya unga, nusu kijiko cha pilipili ya unga kwa wanaoipenda, na chembe ya chumvi. Chemsha kwa moto wa wastani. Mwanzoni mapovu huwa makubwa na mepesi, yakipasuka upesi. Baadaye huwa madogo, mazito, na mlio wake hushuka. Hapo chota tone kwa mwiko, liangushe kwenye sahani ya baridi, lichukue kwa kidole gumba na cha shahada, kisha uviachanishe taratibu. Shira ikivuta uzi usiokatika upesi, iko tayari. Ikikatika mara moja, iache dakika moja nyingine na ujaribu tena.

Tia arki ya vanila matone machache, punguza moto hadi uwe mdogo kabisa, mimina mbegu zote kwa pamoja na uanze kugeuza kutoka chini kuja juu bila kupumzika. Kwa dakika mbili za kwanza utaona bonge moja linalong'aa na utadhani mambo yameharibika. Endelea kugeuza. Shira itaingia kwenye nyama, mng'ao utapungua, na mbegu zitaanza kuachana. Ukisikia zinagonga ukuta wa sufuria kwa sauti kavu, ipua. Mimina kwenye sinia, zitenganishe kwa uma zingali moto, na unyunyizie vijiko viwili vya unga wa ubuyu uliochanganywa na sukari kidogo na pilipili, ili zisishikane na ili kinywa kikutane na uchachu kabla ya utamu.

Kisha ziache zipoe kabisa, na ninaposema kabisa nina maana ya saa nzima au zaidi. Mabuyu yanayofungwa yakiwa na vuguvugu hutoa mvuke ndani ya mfuko, na kesho yake yamelowa na kunata. Yaliyopoa vizuri, yakiwa katika chupa iliyokazwa, hukaa majuma kadhaa.

Kuhusu rangi, nunua ile iliyoandikwa kwamba ni ya chakula, na usikubali unga wa rangi unaouzwa kwa ajili ya kupakia ukindu wa mikeka, hata kama ni wa bei nafuu na unang'aa zaidi. Nusu kijiko kinatosha; mabuyu mengi ya mjini yametiwa rangi kupita haja. Anayetaka kuiepuka kabisa anaweza kuchemsha maua makavu ya rosela katika kile kikombe cha maji, akayachuja, akatumia maji hayo kutengenezea shira. Wekundu utakuwa wa kiasi, ila uchachu utakuwa mzuri. Watoto wadogo wasipewe mabuyu yenye mbegu, kwani mbegu ni ngumu na huteleza kooni, na wakubwa nao wasukutue kinywa baadaye, maana asidi na sukari vikikaa pamoja kwenye meno havina wema.

Katika vyakula vingine

Popote unapotumia ndimu au ukwaju, ubuyu unaweza kujaribiwa, ukizingatia kwamba wenyewe pia huufanya mchuzi uwe mzito, kwa sababu una pektini nyingi, kile kitu kinachogandisha jamu. Kwa mchuzi wa samaki wa nazi, vuruga vijiko viwili vya chakula vya unga katika robo kikombe cha tui jepesi hadi mabonge yaishe, na uutie samaki akiwa amekwisha kuiva, dakika mbili tatu kabla ya kuipua. Ukiutia mwanzoni, uchachu utapooza na mchuzi utashika chini. Usiutie ukiwa mkavu moja kwa moja kwenye sufuria inayochemka. Hujifunga mabonge yenye unga katikati ambayo hayavunjiki tena.

Kwa uji wa mtama au wimbi, ipua kwanza, acha upoe kidogo, kisha koroga ubuyu. Kwa chatini ya viazi karai na bajia, loweka unga kwenye maji kidogo, ongeza pilipili mbichi, kitunguu thomu, chumvi na kotimiri; haihitaji kupikwa. Anayepika jamu ya embe, ambayo mara nyingi hukataa kuganda, akiongeza kijiko kimoja kwa kila vikombe viwili vya embe atapata msaada.

Wazee wa pwani huutoa ubuyu kwa mwenye homa na kwa mwenye kuharisha. Kama kinywaji cha mgonjwa asiyetaka chakula, sina neno. Lakini mtoto anayeharisha anahitaji maji ya chumvi na sukari yanayotolewa kliniki, na homa ya pwani huenda ikawa malaria. Sharubati iandamane na safari ya hospitali, isiwe badala yake.

Mbegu, majani, gome na ganda

Mbegu zilizobaki baada ya sharubati zioshwe, zikaushwe na zikaangwe kwenye kikaango kikavu hadi zianze kupasuka. Kiini cha ndani kinatafunika, au mbegu nzima husagwa na kuchemshwa kama kahawa. Mbichi zisiliwe, kwa kuwa zina vitu vinavyozuia tumbo kufaidika na chakula. Mafuta yake hukamuliwa kwa mashine, nayo hutumiwa kwa ngozi na nywele.

Majani machanga, yanayotoka mvua zinapoanza, hupikwa kama mboga. Huvuta ute kama bamia, kwa hiyo anayeupenda ute ayakatekate sana, na asiyeupenda ayapike mazima na kwa muda mfupi. Gome hutoa nyuzi imara za kamba na za kusukia vikapu, na mbuyu ni miongoni mwa miti michache inayoweza kuotesha gome jipya mahali palipobanduliwa; hata hivyo shina lisibanduliwe pande zote kwa wakati mmoja, na jeraha la zamani lipewe miaka kabla ya kuguswa tena. Ganda lisilofaa kwa bakuli ni kuni nzuri.

Kuuotesha

Mnamo 2022 mibuyu mikubwa iling'olewa mashambani Kilifi ili isafirishwe kwa meli hadi nchi ya Georgia, na mwezi wa Novemba mwaka huo Rais William Ruto akaagiza uchunguzi kuhusu kibali cha kazi hiyo. Bei aliyolipwa mwenye shamba kwa mti mmoja ilijadiliwa sana. Mti ulioondoka ulikuwa umechukua umri wa vizazi vingi kufikia unene ule, na mche wa leo hauwezi kuuziba pengo lake katika maisha yetu, ingawa hiyo si sababu ya kutopanda.

Chagua mbegu za mti unaoujua ladha yake. Zisafishe nyama yote, kisha kwaruza ganda lake kwa tupa au kisu upande mmoja hadi weupe uonekane, au zimwagie maji yaliyotoka kuchemka uziache humo hadi kesho yake. Zipande kina cha vidole viwili katika mifuko mirefu yenye mchanga na mboji. Huota kati ya majuma mawili na sita, na nyingine huchelewa zaidi, kwa hiyo usiumwage mfuko upesi. Majani ya kwanza ya mche hayajagawanyika kama vidole, hayafanani na ya mbuyu unaoujua, na miche mingi hung'olewa na wapaliliaji wanaodhani ni magugu. Weka kijiti cha alama. Mwagilia kwa kiasi, maana mizizi yake huoza kwenye maji yaliyotuama.

Mche uliotokana na mbegu huweza kuchukua miaka 15, 20 au zaidi kabla ya kuzaa. Ule uliounganishwa na kijitawi cha mti unaozaa huanza mapema zaidi, na anayepanda kwa ajili ya matunda na amtafute mtaalamu wa kuunganisha miche. Hamisha mvua zinapoanza, kabla mzizi wa kati haujakunjika chini ya mfuko, uzungushie miiba mpaka mbuzi wasiufikie, na uupande mbali na msingi wa nyumba, kisima na shimo la maji taka.